Sura ya Tisa: Baba Yuko Ngazi Ipi

Teodosia alisikia pikipiki mbili zikikata kona ya kisimani, akajua siku imeharibika. Ingekuwa moja, angepumua. Mtu akija na pikipiki moja amekuja mwenyewe. Zikiwa mbili, maana yake Nicholaus amekuja na uongozi.

Alikuwa uani na mama yake, wamekaa mkekani wanachambua mbaazi. Mikono yake ilisimama. Mama Teo aliinua shingo, akachungulia kwenye upenyo wa ua wa mabua, akawaona wageni wakishuka na kujikung'uta vumbi jekundu.

"Ndiye huyo mrefu?"

"Ndiye."

"Na yule mama mwenye mkoba?"

"Mwalimu Prisila. Mlezi wetu wa chuo."

Mama Teo akapepeta ungo, makapi yakaruka. "Haya," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeona wingu na nguo zake bado ziko kambani. "Kabadilishe kitenge. Hicho kina majivu, na baba yako yuko njiani anatoka shamba."

Ikiwa hujui kilichotokea wiki ile, basi wewe si mtu wa Chunyu, maana Chunyu walijua wote. Jumamosi iliyopita palikuwa na kongamano la kanda mjini Ruangwa, kwenye ukumbi wa shule. Matawi yote ya umoja wa wanafunzi Wakristo yalikuwapo: Masasi, Lindi, wenyeji wa Ruangwa, na tawi la chuo cha ualimu cha Nachingwea anakosoma Teodosia. Baada ya mahubiri, katibu wa kanda, kijana mwenye sauti nzuri kuliko busara, alisimama kusoma matangazo. Alitangaza simu iliyookotwa chooni. Alitangaza zamu ya kuosha vyombo. Kisha, kwa furaha yake yote, akasema, "Tuwashike mkono kwa maombi kaka Nicholaus, mwenyekiti wa tawi la Nachingwea, na dada Teodosia wa tawi hilohilo, ambao wameanza safari ya uchumba." Ukumbi mzima ukapiga vigelegele.

Teodosia aliinamisha uso akacheka, mwili wote umemwaka moto kwa haya na raha. Alisahau jambo moja dogo. Kwaya iliyoalikwa siku ile ilikuwa na waimbaji wawili wa Chunyu.

Padri hufika Chunyu kwa nadra. Jumapili nyingi ibada ya kigango huongozwa na katekista, naye si mwingine ila Mzee Agapiti, baba yake Teodosia. Jumapili ile alisimama mlangoni kama kawaida yake, anapeana mikono na waumini. Mtu wa kwanza akamwambia, "Hongera, Katekista, tumesikia." Wa pili naye, hongera. Wa tatu akaongeza kwamba Waanglikana nao ni watu wazuri.

"Mmesikia nini?" akauliza Mzee Agapiti.

Hivyo ndivyo baba alivyojua kwamba binti yake wa kwanza ana mchumba. Tangu siku ile alimsemesha Teodosia, aliyekuwa nyumbani kwa likizo, maneno ya lazima tu: lete maji, fungia kuku. Hakumfokea. Angemfokea ingekuwa nafuu. Baba huyu ndiye aliyekuwa akimbeba mabegani kwenda shule wakati wa masika, ndiye aliyemfundisha kusoma somo kanisani akiwa hajafika darasa la nne, na sasa alikuwa akipita mbele yake kama anapita mbele ya mgeni. Siku ya tatu Teodosia hakuweza tena. Alimpigia simu Nicholaus, kwa mara ya kwanza tangu wajuane.

"Njoo uzungumze na baba," alimwambia. "Njoo, Niko, kama kweli."

"Nitakuja," alijibu Nicholaus. Hakusema na nani, na Teodosia hakufikiri kuuliza.

Aliporudi na kitenge kipya, wageni walikuwa barazani wamepewa viti. Nicholaus akasimama. Alikuwa amevaa shati jeupe lenye mikunjo ya pasi iliyonyooka hata baada ya safari yote ile kutoka Nachingwea, na macho yake yalipokutana na ya Teodosia yalitulia pale kidogo, kisha yakakimbilia chini. Ni macho hayo hayo. Mwaka mzima chuoni Teodosia alikuwa akiishi kwa macho hayo. Ibada ikiisha, mwenyekiti husimama mlangoni kushika mikono ya watu wote, na wa Teodosia aliushika kama alivyoshika ya wengine, ila aliuachia kwa kuchelewa. Basi. Hicho ndicho kilikuwa chakula chake cha wiki.

Kwa maana katika umoja wao kijana akimpenda dada hamwambii. Anakwenda kwa mlezi. Mlezi humsikiliza, humpima, humwambia aombe. Kisha mlezi ndiye anayemwita dada na kumweleza kwamba kuna kaka ana nia njema, naye akaombe. Muda wote huo hawakai faragha, hawapigiani simu. Wote wakisema ndiyo, tawi linajulishwa, na tawi linajulisha kanda. Si utaratibu wa kijinga. Umewaokoa wasichana wengi na vijana wa maneno matamu, na Teodosia mwenyewe aliutetea mbele ya wadogo zake wa mwaka wa kwanza. Lakini ndiyo yake aliitoa ofisini kwa Mwalimu Prisila, mwalimu akiwa na kalamu nyekundu mkononi anasahihisha majaribio. Ndiyo ya maisha yake yote, na aliyemkusudia hakuwapo kuisikia. Nicholaus hajawahi kumwambia kwa kinywa chake kwamba anampenda. Teodosia alijiambia hilo si neno. Usiku akilala, aliona kuwa ni neno, tena kubwa.

Mzee Agapiti akatokea njia ya shambani, bomba la kupulizia mikorosho mgongoni, nyusi zake za manjano kwa unga wa salfa. Aliwaona wageni. Hakuharakisha hatua wala hakupunguza.

"Bwana asifiwe, mzee," akasema Mwalimu Prisila akisimama.

"Tumsifu Yesu Kristo," akajibu Mzee Agapiti.

Ndipo Nicholaus akaitikia kwa adabu, "Milele amina. Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Mzee alimtazama kwa mara ya kwanza. "Nipeni nafasi ninawe. Hii dawa si ya kukaa nayo karibu na wageni."

Alinawa muda mrefu. Teodosia alimmiminia maji nyuma ya nyumba, kata moja baada ya nyingine, akisubiri neno. Baba alinawa nyusi, alinawa shingo, alinawa vidole kimoja kimoja, na neno halikuja. Aliporudi barazani alivaa shati lake la ibada. Teodosia akajisogeza hadi kwenye mlango wa sebule, akakaa kwenye kizingiti, pale ambapo binti anaruhusiwa kusikia na hatarajiwi kusema.

"Karibuni Chunyu," alisema Mzee Agapiti. "Mwalimu, wewe ndiye mama yake kijana huyu?"

"Hapana, mzee. Mimi ni mwalimu wake, na ni mlezi wa umoja wetu pale chuoni. Wanafunzi wananiita mama mlezi."

"Ahaa. Na mama yake mzazi yuko wapi?"

"Yuko Nambambo, mzee," akasema Nicholaus.

"Anaumwa?"

"Hapana. Mzima kabisa."

"Na baba?"

"Naye mzima. Yuko kwenye mikorosho yake, kama wewe."

Mzee Agapiti akatikisa kichwa taratibu, anapanga jambo lake. "Mimi ni katekista, kijana. Mambo ya dini kwa mpangilio nayajua. Sisi tuna jumuiya ndogondogo, jumuiya zinafanya kigango, vigango vinafanya parokia, parokia ziko chini ya jimbo. Ukinigusa huku chini, kule juu wanajua. Sasa na wewe nieleze huo umoja wenu umekaaje. Nataka kuuelewa vizuri, maana umenipa hongera nyingi Jumapili."

Nicholaus akakohoa. Teodosia alimwona akinyoosha mgongo, akaingia kwenye sauti yake ya uenyekiti, ile aliyoipenda, naye akaogopa. Sauti ile ilikuwa ya mikutano. Leo haikuwa siku yake.

"Tunaanzia na familia, mzee. Mwanafunzi akija mwaka wa kwanza hamjui mtu, tunamweka kwenye familia. Ni watu kumi au zaidi kidogo, wa madhehebu yote, wana kaka mkubwa na dada mkubwa. Kazi yao ni kujua nani kaugua, nani hajala, nani hajaonekana ibadani. Teodosia ni dada mkubwa wa familia mojawapo."

"Ana familia nyingine," akasema Mzee Agapiti.

"Ya chuoni, mzee."

"Endelea."

"Familia zote zinafanya tawi. Tawi lina mwenyekiti, katibu, mweka hazina, wa maombi, wa uinjilisti na wa kwaya. Tunakabidhiana kila mwaka, hakuna anayezeekea pale. Mlezi anakuwa mwalimu, kama hivi Mwalimu Prisila. Matawi ya huku kwetu yanafanya kanda, nayo ina kamati yake. Kanda zote zinakutana mara moja kwa mwaka ngazi ya taifa. Na waliomaliza masomo hatuwaachi, wanabaki kuwa wahitimu, wanatushika mkono."

"Mpango mzuri," akasema Mzee Agapiti, na hakuwa anatania. "Na jambo la binti yangu lilipita wapi humo?"

"Nilikwenda kwa mlezi, mzee. Mlezi akazungumza na Teodosia. Tulipokubaliana, kamati ya tawi ikajulishwa. Tawi likapeleka kanda."

"Na kanda ikatangaza."

"Ndiyo, mzee."

"Hukuruka hata ngazi moja."

"Hapana, mzee. Nilifuata zote."

Mzee Agapiti akainama mbele, viwiko magotini. "Basi nionyeshe, kijana. Baba yake yuko ngazi ipi?"

Kuku mmoja alipita barazani akidonoa, na wote walipata kazi ya kumtazama. Teodosia alishika ukingo wa mlango. Alitaka Nicholaus aseme chochote, na aliogopa asije akasema chochote, hasa kile kifungu cha katiba ya umoja alichokijua kwa moyo.

"Hayupo, mzee," akasema Nicholaus hatimaye. Sauti ya uenyekiti ilikuwa imekwenda. Ilibaki ya mtoto wa watu wa Nambambo. "Hatukumweka. Mimi sikumweka. Nilidhani nikipita kote kule nitakuwa nimefanya kwa heshima, na mwisho nije kwako na jambo lililonyooka. Sikufikiri kwamba wewe utalipata mlangoni mwa kanisa. Nisamehe."

"Kosa ni letu wakubwa, mzee," akaingilia Mwalimu Prisila, uso wake umemwiva. "Sisi ndio tuliopeleka tangazo kanda. Nilipaswa kuuliza nyumbani wanajua, na sikuuliza."

"Mwalimu, wewe sikulaumu. Unalea watoto wa watu, na si kazi ndogo." Kisha sauti yake ikakaza. "Lakini nakuuliza wewe kijana, na huyo kaka mkubwa, na huyo dada mkubwa. Mtoto nimemzaa, nimembatiza, nimemsomesha kwa ufuta wa mgongo huu. Anafika Nachingwea, anapewa familia. Mimi nimekufa lini?"

Hapo Teodosia akasimama. Hakupanga kusimama, alijikuta tu ameshatoka kizingitini.

"Baba, naomba kusema."

Mama Teo, aliyekuwa anakuja na sinia ya ming'oko, vile viazi vya porini, iliyochemshwa na birika la chai, akasimama katikati ya ua na sinia yake.

"Sema," akasema baba bila kugeuka.

"Mwaka jana, kabla ya Pasaka, nilishikwa na malaria nikalazwa. Nilipoteza fahamu, baba. Familia hiyo unayoisema ndiyo iliyonibeba. Walikaa na mimi kwa zamu, wengine mchana, wengine usiku, wengine wanapika uji bwenini wanaleta. Kuna mtoto wa mwaka wa kwanza anaitwa Tabitha, hana hata viatu viwili, alinifulia nguo zangu zote."

Baba akageuka. "Ulilazwa?"

"Nililazwa."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia ungeuza ufuta kabla ya mnada, uje. Nakujua. Nikaona wacha nipone kwanza." Machozi yalikuwa yanakuja na hakuyazuia. "Hawakuchukua nafasi yako, baba. Walikaa pale ulipokuwa huwezi kufika. Ila kwa hili la uchumba mimi nimekosa. Ningekuja nikwambie kabla ya mtu yeyote. Niliogopa utauliza ni wa kanisa gani, nikawaachia wao wanibebee na hilo."

Mzee Agapiti alimtazama binti yake kuanzia miguuni hadi usoni, anamtafuta yule aliyelazwa na yeye asijue. Mama Teo akafika, akaweka sinia chini, akamwambia mumewe kitu kifupi kwa Kimwera ambacho wageni hawakukielewa, naye mzee akashusha pumzi.

"Kuleni," akasema. "Mgeni halaumiwi akiwa na njaa."

Wakala. Ming'oko ilikuwa ya moto, wakaimenya kwa ncha za vidole wakipuliza. Chai ikapita. Mzee Agapiti alimenya wake polepole, na alipoanza tena kuzungumza ilikuwa kama mtu anayesimulia habari za shamba.

"Mimi siwezi kukujibu peke yangu, kijana. Sisi Wamwera, mtoto ana mjomba. Mjomba wake huyu anaitwa Harithi, kaka mkubwa wa mama yake, anaswali msikiti wa hapo bondeni. Nilipomtaka mama yake nilikwenda kwa Harithi. Watu waliniambia napoteza muda, Mwislamu hawezi kunisikiliza. Nilifika, nikakaa. Unajua aliniuliza nini?"

"Kanisa?" akasema Nicholaus.

"Hakuuliza kanisa. Aliuliza nimekuja na nani. Nikamwonyesha mjomba wangu. Basi, akasema, tuzungumze." Akanywa chai. "Kwa hiyo mimi nikikukataa kwa sababu ya Uanglikana, Harithi atanicheka mpaka ajifungie ndani. Lakini lazima niulize. Mkija kuoana, binti yangu atasali wapi?"

"Hilo, mzee..." Nicholaus akafuta mikono yake kwenye suruali yake iliyonyooshwa vizuri. "Hilo mimi na yeye hatujalizungumza."

"Hamjalizungumza?"

"Hatujazungumza jambo lolote, mzee. Kwa utaratibu wetu, mlezi ndiye anayezungumza."

Mzee Agapiti akaweka kikombe chini. Akamgeukia binti yake. "Teodosia. Kijana huyu hajakwambia kwa mdomo wake kwamba anakutaka?"

Teodosia alitaka ardhi ipasuke. "Hajaniambia, baba."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

Mzee alimtazama Nicholaus, akamtazama Mwalimu Prisila, akarudi kwa Nicholaus. Kuna kitu kikaanza kucheza kwenye pembe za mdomo wake, kitu ambacho Teodosia hakuwa amekiona wiki nzima. "Kanda nzima imeambiwa," akasema. "Masasi wamejua, Lindi wamejua. Mimi nimejua, ingawa kwa kuchelewa. Mwenyewe hajaambiwa."

Mama Teo akafunika mdomo kwa upande wa kanga, mabega yakamtikisika.

"Basi hivi," akasema Mzee Agapiti akisimama. "Mjomba wako yuko hai?"

"Yuko hai, mzee. Yuko Nambambo."

"Jumapili ukija tena uje naye. Usije na mwenyekiti, usije na katibu, wala barua ya kanda. Lakini kabla ya huyo mjomba, kuna mtu mmoja umemruka. Teodosia, msindikize mgeni."

Mwalimu Prisila akaanza kuinuka na mkoba wake. Miaka yote ya ulezi ilimwambia kwamba kaka na dada hawatembei peke yao.

"Mwalimu, wewe kaa," akasema Mzee Agapiti. "Ming'oko bado ya moto."

Mwalimu Prisila akatazama sinia, akatazama njia, akakaa. "Imeiva vizuri kweli," akasema, akachukua mmoja.

Walitembea mpaka nyumba ikaachwa nyuma. Njia ya Chunyu kutoka kwa Mzee Agapiti inapita katikati ya mikorosho, na wakati ule ilikuwa imetoa maua, harufu yake tamu imechanganyika na ukali wa salfa. Nicholaus alitembea upande wake, hatua moja pembeni, mikono nyuma, kama anakagua gwaride.

"Dada Teodosia," akaanza.

"Usiniite dada."

Akasimama. Naye akasimama.

"Kule mbele ya watu nina maneno," akasema Nicholaus. "Nimesimama mbele ya watu mia tatu sijatetemeka. Tazama." Akamwonyesha mikono. Ilikuwa inatetemeka kweli.

"Nimeiona."

"Unakumbuka pilau ya kuwakaribisha mwaka wa kwanza? Ile iliyoungua?"

Teodosia akashtuka akacheka. "Niko, ndiyo unayonikumbusha leo?"

"Sisi viongozi tulikuwa nyuma ya jiko tunafanya kikao. Kikao, Teo. Tunatafuta namna ya kulisema. Wewe ukatoka na mwiko mkononi, ukawaambia watu wote, jamani pilau imeungua, nimeiunguza mimi, kuleni ya juu mwache ya chini. Wakacheka, wakala, ikaisha. Mimi nikabaki pale nyuma ya jiko nimesimama. Nikasema, huyu. Maisha yangu yote nazunguka kuligusa jambo, na huyu analiendea." Akameza mate. "Nilikwenda kwa mlezi kwa sababu ndio utaratibu. Lakini na woga ulikuwapo. Nikajua mlezi akiniletea hapana, nitaipokea kwa mtu mwingine, haitaniua. Sikufikiri kwamba na ndiyo yako nimeipokea kwa mtu mwingine."

Mwaka mzima Teodosia alisubiri neno, na sasa lilikuwa linakuja, aliogopa hata kupumua lisije likageuza njia.

"Nakupenda," akasema Nicholaus. "Nakutaka uwe mke wangu. Sikwambii kwa niaba ya mtu. Kuhusu kusali, sitakuomba ulichobatiziwa ukiweke chini. Tutakaa tuzungumze sisi wawili, tubishane ikibidi. Ukinikatalia, nikatalie hapahapa usoni kwangu, nitavumilia."

"Sema tena."

"Lote?"

"Lile la kwanza."

"Nakupenda, Teo."

Alilisema polepole, anamtazama, na safari hii macho hayakukimbia. Teodosia aliona kwamba yalikuwa na maji, na kwamba mwenyekiti wa tawi hakujali nani angepita njiani.

"Na mimi nakupenda," akamjibu. "Tena nilianza kabla yako, kabla hata ya pilau. Nitakuwa mke wako. Niliwahi kumwambia Mwalimu Prisila, lakini leo ndiyo nimesema."

Nicholaus akanyoosha mkono. Hapakuwa na mlango, hapakuwa na foleni ya watu nyuma yake. Akamshika mkono, na hakuuachia mpaka waliposikia pikipiki ya Mwalimu Prisila ikija kutoka nyumbani, taratibu kuliko pikipiki yoyote iliyowahi kupita njia ile, dereva ameambiwa apige honi kila baada ya hatua chache.

Teodosia alirudi nyumbani miguu haigusi chini. Mama yake alimwona, akampisha jikoni bila swali. Alichochea moto, akainjika chai ya jioni ya baba, akasimama anatazama moshi na kutabasamu peke yake. Chai ikachemka, akaitia vijiko viwili kama kawaida, akampelekea baba barazani, akamwekea kwenye kigoda, akarudi. Baba hakusema asante wala hakusema neno. Moyo wa Teodosia ukanywea kidogo. Akafikiri, bado. Hajanisamehe bado.

Kisha akamsikia anapiga simu. Mzee Agapiti huongea na simu kwa sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto.

"Shemeji Harithi. Asalaam aleikum. Sisi wazima. Sikiliza, mjomba mtu, jiandae, kuna kijana wa Nambambo atakuja na mjomba wake. Anamtaka mwanetu. Jumapili, mimi nikishatoka kanisani, wewe kabla hujaenda adhuhuri." Kimya. "Ndiyo, huyo wa tangazo. Nimemwona. Hapana, mimi sijampenda bado, nipe muda. Lakini si mwongo." Kimya tena, kirefu zaidi. Teodosia alikuwa ameshika mwiko kifuani. "Kama mtoto mwenyewe anamtaka? Harithi, usinichekeshe. Ameniletea chai sasa hivi, badala ya sukari ametia chumvi. Ndiyo, chumvi. Hapana, sijamwambia. Nimeinywa yote."